Kidonda Kimekauka, Shingo Bado

Mezani kwetu tuna barua iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne katika wilaya ya Kyerwa, upande wa kuelekea Murongo, naye anaanza kwa kutuomba radhi kwa mwandiko wake. "Mkono wa kulia bado hauna nguvu," anasema, "na kalamu ya wino inateleza." Miezi mitatu kabla ya kutuandikia alipasuliwa shingo. Kidonda kilikauka vizuri, na hapo ndipo taabu yake ilipoanza.

Kwa ruhusa yake tunawasomea sehemu ya barua hiyo: "Nilipokuwa na bandeji na ile kola shingoni, kila mtu alinihurumia. Majirani walinitekea maji na kuniletea kuni. Sasa wanaona kovu dogo tu kama mkunjo wa ngozi, wanasema nimepona. Mama mkwe amesema mbele ya watu kwamba uvivu nimejifunza hospitalini. Wiki iliyopita nilijitwisha ndoo. Usiku huo mkono uliniwaka moto mpaka kulipokucha. Je, nimeharibu kazi ya daktari? Na mwanamke asiyeweza kujitwisha ndoo ni mke wa kazi gani?"

Barua nyingi za safu hii tunazijibu tukiwa tumeketi. Hii ilituinua vitini. Mmoja wetu ni muuguzi aliyestaafu, na alipofika kwenye neno "nilijitwisha" alivua miwani akasema, "Twendeni."

Tulilala Kayanga, na asubuhi tukapita Omurushaka tukashika njia ya Nkwenda. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipopewa hadhi ya wilaya mwaka 2012, na mgeni hawezi kuona pale ambapo moja inaishia na nyingine inaanzia: ni vilima vilevile, vibanja vilevile vya migomba na mibuni. Nyumba ziko juu, maji yako bondeni. Anayekwenda kuteka maji anashuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo iliyojaa. Laiti ingekuwa kinyume chake! Njiani tulihesabu akina mama waliojitwisha mpaka tukachoka: ndoo, madumu, mikungu, magunia ya maharage, mizigo ya kuni. Wanaume tuliokutana nao wengi wao walikuwa wakisukuma baiskeli zilizosheheni mikungu. Hatusemi hivyo kwa ubaya. Tunasema tu kwamba baiskeli haina pingili za shingo.

Shingo yako, mama, ina pingili 7. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kinachonepa, ambacho madaktari hukiita diski, kazi yake ni kama ile ya mpira kati ya chuma na chuma. Katikati ya pingili hizo kuna tundu, na ndani ya tundu hilo unapita uti wa fahamu unaotoka kwenye ubongo. Unene wake ni kama wa kidole kidogo cha mkono. Kutoka shingoni peke yake inachipuka mishipa ya fahamu jozi 8, inayokwenda mabegani, mikononi na hata kwenye msuli wa kupumulia. Kichwa chenyewe kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Ndoo ya lita 20 inaongeza kilo 20 juu yake, na mkungu mzuri wa ndizi unaweza kupita hapo.

Je, mizigo ndiyo inayoleta ugonjwa huu? Tuwe wakweli: wengi wanabeba maisha yao yote na shingo zao haziwaumi kiasi cha kupasuliwa. Lakini watafiti waliopiga picha za eksirei za shingo za wabeba kuni wa Kongo, na kuchapisha kazi yao mwaka 2002, waliona pingili zilizochakaa zaidi kwa wabebaji kuliko kwa wasiobeba. Umri nao huchakaza. Wengine huumia kwa kuanguka kutoka mtini, kwa kuteleza na mzigo kichwani, au kwa ajali ya bodaboda. Wengine ni kifua kikuu kilichoingia kwenye mfupa. Huyu mama yetu alianza na ganzi ya vidole akiwa anapalilia; ikafuata nguvu kupungua, kisha akaangusha chungu cha maharage yaliyokuwa tayari. Walimchanja chale. Walimchua kwa mafuta, na mtu mmoja akamnyonga shingo mpaka ikalia. Hapo tunaomba tuseme wazi kwamba shingo yenye ganzi ya mikono hainyongwi na mtu yeyote, hata kinyozi anayekupa huduma hiyo bure baada ya kukunyoa.

Safari ya matibabu kutoka kwetu ni ndefu. Nyakahanga, Nyakaiga au Isingiro wanakupima na kukuandikia rufaa. Bukoba wanakutazama tena. Kisha ni Mwanza, katika hospitali ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971, au Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kazi hii ya kupasua uti imesogea sana nchini. Kuanzia mwaka 2008 madaktari kutoka New York wakiongozwa na Profesa Roger Härtl walikuja Bugando, na baadaye MOI, kufundishana na wenzao wa Tanzania, na leo Watanzania wenyewe wanaifanya.

Mama huyu alipasuliwa kwa mbele. Wengi hushangaa: ugonjwa uko nyuma, mbona kovu liko kooni? Ni kwa sababu diski iko mbele ya uti wa fahamu, na daktari anaifikia kwa kusogeza koromeo pembeni bila kuugusa uti. Anaiondoa diski iliyobonyea, anaweka kipande cha mfupa au kifaa mahali pake, na mara nyingi anakaza pingili mbili kwa bamba dogo la chuma na skrubu. Wengine hupasuliwa kwa nyuma, hasa kama uti umebanwa sehemu nyingi, na hao maumivu ya misuli huwakaa muda mrefu zaidi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mama mkwe hakuambiwa na mtu, wala hatumlaumu kwa kutolijua. Ngozi inapona kwa wiki mbili. Mfupa haufuati ngozi. Zile pingili mbili zinatakiwa kushikana ziwe mfupa mmoja, na kazi hiyo huchukua miezi mitatu, sita, wakati mwingine mwaka. Bamba na skrubu ni kama miti anayofunga fundi wakati zege linakauka: vinashikilia, lakini si nyumba. Ukiweka mzigo juu kabla zege halijakauka, skrubu inaweza kulegea. Kwa hiyo miezi mitatu ambayo kijijini waliiona mingi kupita kiasi, kwa mfupa ilikuwa ndiyo kwanza kazi imechanganya.

Kwa swali lake la kwanza, muuguzi wetu alimwambia: ndoo moja si lazima iwe imeharibu, lakini usijipe moyo kwa kukisia. Mkono ukiwaka moto usiku mmoja kisha ukatulia, nenda kliniki yako mapema kuliko tarehe uliyopewa, upigwe eksirei. Alikwenda. Picha ilionyesha chuma kiko mahali pake. Alilia kwa furaha, halafu akalia tena kwa sababu sasa hakuwa na picha mbaya ya kumwonyesha mama mkwe. Tulimwelewa.

Tuwaeleze kidogo jinsi miezi ile inavyokwenda, maana akina mama wengi wanarudi nyumbani na karatasi ya dawa tu.

Siku za kwanza kumeza ni shida na sauti inakwaruza, kwa kuwa koo limesogezwa. Uji, ndizi zilizopondwa na mchuzi, vinavyomezwa kidogo kidogo mgonjwa akiwa ameketi wima. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku au wiki chache. Lakini shingo ikivimba, au pumzi ikawa fupi, au hawezi kumeza hata mate, hiyo ni safari ya hospitali saa ileile, usiku au mchana. Vivyo hivyo homa, usaha, maji meupe yanayotoka kidondani pamoja na kuumwa kichwa, mkono au mguu unaoanza kulegea upya, au mkojo unaokataa kutoka au kutoka wenyewe.

Kutoka kitandani, asijiinue kama anayekaa kutoka chali. Ageuke ubavu mzima mzima kama gogo, miguu ishuke, kisha ajisukume kwa mkono. Alale chali au ubavu, si kifudifudi, na mto uwe wa kiasi cha kuiweka shingo sawa na mgongo. Kama huna mto mzuri, kanga mbili zilizokunjwa zinafaa. Wiki sita za kwanza asinyanyue zaidi ya kilo 2 au 3, yaani birika la chai na si sufuria ya ugali wa nyumba nzima. Mtoto apewe akiwa ameketi; asimvute kutoka chini, wala asimbebe kwa mbeleko. Kutembea, hata hivyo, ni dawa. Atembee kila siku kwenye njia tambarare, leo mpaka kwa jirani, kesho mpaka barabarani. Wapo wanaolazwa ndani wiki kumi kwa upendo, na hao wanaamka dhaifu kuliko walivyolala.

Kuhusu kola, kila daktari ana maagizo yake. Wengine hawaitoi kabisa, wengine wanataka ivaliwe wiki kadhaa. Fuata ya kwako, usiazime ya mwenzako, wala usiivae miezi sita kwa sababu inakupatia huruma. (Tumewahi kukiri hivyo wenyewe kwa wenyewe, tucheke basi.)

Chakula hakihitaji fedha nyingi. Mfupa unajengwa na protini na madini: maharage, dagaa wenye mifupa yao, maziwa, mayai, na msimu wake ukifika, senene. Sisi wa Kagera tunawala senene kama starehe na kusahau kwamba ni nyama kamili. Tumbaku inazuia mfupa kushikana, iwe ya kuvuta au ya kiko cha bibi. Nazo dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazouzwa dukani kama pipi, usizinunue mwenyewe katika miezi ile. Zinaweza kuchelewesha mfupa na kuumiza tumbo. Muulize daktari ni ipi utumie. Rubisi usichanganye na dawa.

Mama yetu alidhani akiisha kupasuliwa mkono utarudi kama zamani. Hapa tunapenda madaktari waseme zaidi kuliko wanavyosema. Yale maumivu makali yanayoshuka mkononi mara nyingi hupungua mapema. Ganzi hufuata taratibu. Nguvu ndiyo ya mwisho, na hupimwa kwa miezi. Kama uti wenyewe ulikuwa umebanwa kwa muda mrefu, lengo kubwa la upasuaji ni kuzuia usiharibike zaidi. Kinachorudi ni faida, na huenda kisirudi chote. Kinachorudi kingi huonekana ndani ya mwaka wa kwanza. Mazoezi ya vidole yanasaidia: kukanda unga, kufinya kitambaa chenye maji, kuchambua maharage, kufunga na kufungua vifungo. Mtoto wake wa pili amemtengenezea mpira wa matambara, na jioni wanarushiana.

Kuna jambo lingine lililomuumiza ambalo wasiotoka kwetu wangeweza kulipita. Mwanamke hupiga magoti na kuinamisha kichwa anapomwamkia mkubwa. Shingo iliyofungwa pingili mbili haipotezi mzunguko wote, lakini katika miezi ile alikuwa anageuka na mwili mzima kama mtu aliyevaa ubao, na kuinama hakuweza. Wakasema ana kiburi. Kanisani kila mtu aliinamisha kichwa kwa sala, yeye akabaki wima. Mzee mmoja alimuuliza kama amehamia dini nyingine. Tulimshauri alitangulize neno kabla ya salamu: "Shikamoo baba, shingo hainiruhusu, moyo umeinama." Ametuambia wazee wanampokea vizuri, na mmoja alimpa kuku.

Sasa lile ambalo hakuliandika kwenye barua, ila alimnong'oneza muuguzi wetu jikoni. Tangu arudi, mume wake alikuwa analala sebuleni. Miezi mitatu na nusu. Naye mama alikuwa amekwisha kumtafutia mwanamke katika mawazo yake, mpaka alijua anakaa kijiji gani. Kwa idhini yake, mmoja wetu alizungumza na baba huyo nje, karibu na mibuni. Alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Waliniambia ana vyuma. Naogopa nitavikatia ndani."

Akina mama, ni wangapi kati yetu tumelala na hasira ambayo upande wa pili ilikuwa ni hofu? Jibu la hospitali ni hili: unyumba unaweza kurudiwa pale daktari anaporidhika kwenye kliniki ya kwanza, mara nyingi baada ya wiki sita hivi. Mama alale kwa namna ambayo kichwa na shingo vimeegemezwa mtoni, uzito wa mume usikae kifuani na mabegani mwake, na pasiwe na kuvutana. Ikija ganzi au umeme mkononi, waache, wapumzike, siku nyingine ipo. Kama hamu imepungua au hisia zimebadilika, aseme. Uti uliobanwa unaweza kufanya hivyo, na pia dawa, na pia huzuni. Kuhusu mimba, afadhali wapange uzazi mpaka daktari aseme mfupa umeshika. Baadaye akipata ujauzito, kliniki waelezwe mapema, na ikitokea anahitaji upasuaji wowote, mtoa nusu kaputi aambiwe kabla kwamba shingo ile ina chuma, maana yeye ndiye anayeikunja ili kupitisha mpira wa hewa.

Walitazamana, wakacheka kama watoto wa shule. Tukatoka kwenda kuangalia kibanja.

Tusiwasahau wenzetu ambao upasuaji uliwaokoa maisha lakini haukurudisha miguu, au mikono na miguu. Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa wamo, wengi wao ndani ya vyumba vya nyuma. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mtu aliyevunjika uti hakutarajiwa kuishi muda mrefu, na kilichomuua hakikuwa uti bali vidonda vya kulalia na uchafu wa mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alipewa wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akaagiza kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa. Watu wakaanza kuishi. Dawa hiyo haiuzwi dukani, inahitaji mikono ya nyumbani iliyopangwa kwa zamu: mume, mabinti, wavulana, majirani wa jumuiya. Kagueni ngozi ya makalio, visigino na mgongo wa chini kila siku. Doa jekundu lisilofifia likionekana, mgonjwa asilalie hapo tena mpaka lipotee. Mpira wa mkojo uwe safi na usikunjike. Na mjue dalili hii, kwa kuwa inaua: mgonjwa aliyeumia shingo akipatwa ghafla na maumivu ya kichwa yanayogonga, uso mwekundu au wenye joto na jasho, mwinueni akae, legezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umeziba au haja kubwa imekwama. Isipotulia upesi, hospitali. Shirika la KCBRP la Karagwe limekuwa likifanya kazi ya utengamao wa watu wenye ulemavu nyumbani kwao. Ulizeni huko kabla ya kuamua kwamba hakuna msaada.

Wasomaji wetu wa siku nyingi wanamjua Joni Eareckson wa Marekani, aliyevunjika shingo mwaka 1967 akiwa na miaka 17, kwa kupiga mbizi kwenye maji mafupi. Mikono na miguu haikurudi. Alitamani kufa, na hakuficha hivyo kwenye kitabu chake cha mwaka 1976. Alijifunza kuchora kwa brashi aliyoishika kwa meno, akaolewa na mwalimu, Ken Tada, mwaka 1982. Tunamtaja si kwa sababu kila mtu atachora. Tunamtaja kwa sababu kwa miaka mingi amesema pia juu ya maumivu yake ya kila siku na juu ya asubuhi ambazo hataki kuamka, na wagonjwa wetu wanahitaji kusikia kwamba mtu wa imani anaruhusiwa kusema hivyo.

Turudi Kyerwa. Tulimwona mama mkwe mwisho, jioni, na tuseme kweli tulikwenda tukiwa tumejiandaa kwa vita. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye kauli fupi. "Mimi," alituambia, "nilijitwisha mkungu siku ya nne baada ya kujifungua huyu baba wa watoto. Hakuna aliyenitengenezea mto." Tukamweleza habari ya mfupa na zege. Alisikiliza akitazama pembeni. Tukamwambia kwamba maji yanaweza kupandishwa kwa toroli au baiskeli, na wavulana wawili wakubwa wapo. Akasema mtoto wa kiume kuteka maji ni kuchekesha majirani. Muuguzi wetu akamuuliza kama majirani hao ndio watakaomgeuza mkwe wake kila saa mbili akilala kitandani. Akanyamaza.

Chai ikaletwa. Alishika kikombe kwa mikono miwili, na bado kikagongana na sahani. Muuguzi aliangalia mikono ile, kisha blauzi yake, ambayo vifungo vyake viwili vilikuwa kwenye matundu yasiyo yake. Akamuomba afunge na kufungua ngumi haraka haraka, naye akahesabu sekunde kwa saa ya mkononi. Kwa sekunde 10 mtu mwenye afya anafika 20 au zaidi. Yeye alifika 9, na vidole vya mwisho vilichelewa kukunjuka. Alipotembea alitanua miguu kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Ilikuwa hivyo tangu mavuno ya mwaka juzi, alisema. Gizani hawezi kutoka kwenda chooni bila kushika ukuta. Alidhani ni uzee. Kuna usiku alidhani ni mtu.

"Mbona hukusema?" mkwe wake alimuuliza.

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa tayari mgonjwa. Nyumba moja ingekuwa na wagonjwa wawili, nani angeteka maji?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Muuguzi aliandika karatasi ya kumpeleka Nyakahanga, akaeleza kwamba dalili zile za mikono na miguu kwa pamoja zinahitaji kuangaliwa mapema na zisisubiri mavuno, kwa kuwa uti uliobanwa hausemi lini utakata tamaa. Tukamwambia asijitwishe kitu chochote tena. Alicheka kwa mara ya kwanza na kusema sasa uvivu umekuwa wa ukoo.

Tumepata barua ya pili wiki hii, bado kwa kalamu ya risasi. Wavulana wanapandisha madumu kwa toroli. Majirani walicheka kwa siku nne, halafu wawili wakaja kuliazima. Baba amerudi chumbani. Mama mkwe amepimwa Nyakahanga na amepewa rufaa ya Bukoba, ila nauli ya gari ndogo ni kubwa, na shemeji amejitolea kumfikisha kwenye basi kwa bodaboda yake kupitia ile barabara ya vumbi. Anauliza kama inafaa. Tumemjibu siku hiyohiyo kwamba asipande, na akina mama wa jumuiya yao wanachanga nauli.